Ngazi ya Mkaa

9 Februari

Mdogo wangu Mkaa,

Kama bado unaitika jina hilo alilokupa Baba, salamu nyingi. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila pedali yake inalia kama inadai mshahara. Wateja wa sare za shule wamenijia wote wiki moja, kama kawaida yao, utadhani shule hufunguliwa bila taarifa. Kaburi la Mama nimelipalilia. Paka wako amezaa tena juu ya makopo ya rangi karakanani, na safari hii kuna mtoto mwenye madoa ya kijani. Usishangae, ni rangi ya Baba, itatoka.

Sasa kaa kitako. Baba amepata kiharusi. Upande wote wa kulia umekwenda. Ule mkono uliokuwa ukiandika bango la duka zima kwa pumzi moja sasa umelala juu ya tumbo lake kama mgeni asiyejulikana atakaa mpaka lini. Maneno hayatoki, hutoka sauti tu na mimi nakisia. Akili yake lakini ni nzima kabisa, hilo usiwe na shaka. Juzi nilimdanganya kwamba nimekunywa chai, akanitazama mpaka nikaenda kuinywa.

Amelala chumba cha nyuma ya karakana, chumba chako wewe. Alijihamishia huko mwenyewe mwaka jana, mara tu ulipoondoka, akidai kuna ubaridi. Chumba hicho, mimi na wewe tunajua, ni tanuri. Kwa hiyo anashinda akiutazama ukuta uliouchora wiki ile ya mwisho bila kumwomba ruhusa: koti lake la kazi lisilo na mtu ndani, ngazi inayotoka mfukoni mwa koti na kupanda mpaka dirisha lililo peke yake hewani, na dirishani zinadondoka herufi zenye mizizi kama meno yaliyong'olewa. Wanaokuja kumwona mgonjwa wanakaa wameupa mgongo. Mmoja aliniuliza kama ndiyo ulioleta ugonjwa.

Shida yangu ni ndogo kuliko hiyo. Mkaa uliochorea ukuta unapukutika. Kila asubuhi shuka za Baba zina unga mweusi, na mfuaji ni mimi. Fundi samani wa jirani anasema nipulizie vanishi, mwingine anasema maji ya wanga. Niambie nifanye nini. Niambie pia unakuja lini.

Na ukijibu kumbuka desturi ya nyumba hii haijafa. Barua inafunguliwa mbele ya Baba na kusomwa yote, kuanzia tarehe mpaka sahihi. Nikiruka neno anagonga ubao wa kitanda kwa kidole cha kushoto. Sijui anajuaje.

Dada yako


27 Machi

Dada yangu,

Salamu za mbali lakini za kweli. Shikamoo Baba, najua unasikia. Pole sana. Habari yako imenishika pabaya, na sina la kuongeza ambalo litafaa kusomwa kwa sauti.

Mimi naendelea. Chumba changu kiko juu ya kiwanda cha maboksi ninakofanya kazi, na mashine zikiwaka asubuhi, kikombe hutembea chenyewe mezani. Nachora nyuma ya maboksi yaliyokosewa. Ruhusa kiwandani hawatoi kirahisi, kwa hiyo la kuja, tuliache kwanza.

Ukuta usiuguse. Dada, nakusihi, si vanishi, si wanga, si chochote. Nitakueleza, na Baba naye asikie kwa mara ya kwanza bila kunikatiza. Huku nimekutana na watu wanaochora kama mimi. Wao wanauita usurealisti. Mimi nauita kuota macho yakiwa wazi. Hawaniulizi mchoro wangu nitaupaka rangi lini. Hawaniulizi ni maandalizi ya nini. Kwao mstari ni kazi iliyokamilika, una miguu yake.

Unakumbuka karakanani. Miaka yote hiyo nilikuwa nachora herufi kwa penseli, Baba anapaka rangi juu yake, rangi ikikauka ananipa kifutio nikafute kila mstari uliobaki. "Mstari ni mtumishi," alikuwa akisema. "Wageni wakifika, mtumishi hupita mlango wa nyuma." Nilifuta mistari yangu kwa mkono wangu mpaka nikawa sijui kama niliwahi kuichora. Ndiyo maana ukuta ule niliuchora kwa mkaa wa jikoni, mkavu, bila kitu cha kuushika. Nilitaka mchoro ambao hakuna mtu atakayeufuta, uondoke wenyewe kwa wakati wake. Kila kitu kinapita, Dada. Mabango ya Baba yenye rangi ya mafuta nayo yanapauka juani. Tofauti ni kwamba mchoro wangu hauoni haya kupita.

Kuna ukumbi wa maonyesho hapa na mwenyewe amenipa nafasi. Nataka kuonyesha ukuta huo unavyopukutika. Mtafute mpiga picha wa mtaani apige picha kila mwezi kutoka sehemu ileile, unitumie. Mwambie asogeze kitanda, kisiingie kwenye picha.

Mdogo wako, Mkaa


15 Aprili

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Paka yule wa kijani amechukuliwa na muuza mboga. Sare zimeisha, sasa nashona mapazia ya ofisi fulani, marefu kama maneno yako.

Barua yako niliisoma yote. Kwenye "mtumishi" nilisita, Baba akagonga, nikaendelea. Alipomaliza kukusikia alifumba macho, na sikuweza kukisia kitu. Nimemlea mtoto mmoja maishani mwangu, nawe ni huyo, Mama alipotutoka. Kwa hiyo naona nina haki ya kukwambia hili: umeandika kurasa mbili kuhusu vumbi, na mstari mmoja kuhusu mtu aliyelala chini ya hilo vumbi. Kwamba kila kitu kinapita umeligundua wewe huko ukumbini? Mimi ninalifua kila siku.

Mpiga picha alikuja. Aliponiambia nisogeze kitanda, Baba aligonga ubao mpaka kidole kikachubuka. Tukapatana kitanda kibaki, picha ianzie juu ya kichwa chake. Picha ya kwanza ndiyo hiyo.

Kuna jambo lingine, ila nakatazwa kuliandika. Nikilianza anagonga. Nitakutumia picha kila mwezi, na wewe ni mchoraji, una macho, zitazame. Kwa Baba hakuna jipya la kusema, isipokuwa kwamba siku hizi ananipa kazi kubwa ya kumnawisha. Vidole vyake vya kushoto havikosi weusi. Wiki ile ya baridi alikuwa akilinyooshea mkono jiko, nikamsogezea nikidhani anataka joto. Kumbe hakutaka joto. Basi, amegonga, naishia hapo.

Njoo. Sikuombi, nakwambia.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Salamu baadaye. Nimezitandika picha zote tatu mezani na hasira imenijaa.

Nani anaugusa mchoro wangu? Picha ya kwanza ni sawa, mkaa umeanza kuachia kama nilivyotaka. Ya pili kuna mistari chini ya mfuko wa koti ambayo si yangu. Ya tatu ndiyo balaa. Ngazi yangu ilianzia mfukoni, hewani, haikugusa chochote, hiyo ndiyo ilikuwa maana yake! Sasa mtu ameishusha. Kipandio juu ya kipandio, mpaka chini kabisa picha inapokatika. Mistari mibovu, imepinda, inatetemeka, ya mtu asiyejua hata kushika mkaa. Mwanafunzi wa siku moja asingechora hivyo. Kama ni wewe, rudi kwenye mapazia yako. Kama ni mtoto wa jirani, mfukuze. Nilikuomba kitu kimoja tu, kuacha. Nyumba hiyo haijawahi kuacha kitu changu bila kuweka mkono juu yake.

Futa. Chukua kitambaa, futa kila mstari usio wangu, na umwambie aliyechora kwamba mimi ndiye niliyesema.

Mkaa


8 Julai

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Shikamoo Baba, unaendeleaje? Ya mwisho niliiandika vibaya, nilikuwa nimechoka, nimekula hasira badala ya chakula. Hujanijibu, na una haki.

Ila nisikilize haraka. Usifute! Kama hujafuta, acha, na kama umeanza, simama hapo ulipo. Maonyesho yamefunguliwa wiki iliyopita. Picha tatu ziko kwa mfululizo kwenye ukuta mweupe. Watu wanapita kwenye ya kwanza, wanapita kwenye ya pili, wakifika kwenye ya tatu wanasimama. Mama mmoja alisimama pale mpaka mlinzi akamletea kiti. Mwenye ukumbi alinishika bega akasema, "Hapa ndipo ulipoacha kujionyesha ukaanza kuchora." Akasema vipandio vile vimechorwa na mkono unaojua kwamba hauna muda.

Nikasema asante. Ningesema nini, watu wote wamesimama?

Nimezitazama tena kwa utulivu. Ni kweli, Dada. Ni mistari bora kuliko yangu. Nani huyo? Mwambie aendelee. Mwambie ashuke na ngazi mpaka sakafuni akitaka. Mpiga picha aje hata kila wiki. Jibu upesi.

Mdogo wako anayekupenda, Mkaa


29 Julai

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Salamu za watu ni nyingi na karibu zote ni za pole, nitakupa ukija.

Baba amefariki. Amefariki mwanzoni mwa mwezi huu, mchana, nikiwa nashona chumba cha pili, na tumemzika kando ya Mama. Kabla hujauliza kwa nini sikukuita: nilipiga simu kiwandani kwako. Karani akaniambia uliacha kazi tangu Machi. Machi, Mkaa, mwezi ule ule ulioniandikia kwamba ruhusa hawatoi. Nikakata simu. Nilikuwa na jeneza la kulipokea, sikuwa na nafasi ya kukutafuta kwenye kumbi.

Sasa nitakwambia niliyokatazwa. Hakuna tena wa kugonga.

Yule mtu asiyejua hata kushika mkaa ni Baba yako. Alianza mwezi wa nne, kwa mkono wa kushoto, na kipande alichokiokota mwenyewe pembeni ya jiko. Siku ya kwanza nilidhani anafuta. Nilijiambia, huyu mzee hata akiwa nusu hawezi kuacha tabia. Nikasogea nimzuie, nikaona anapita juu ya mstari wako uliopukutika, anaurudisha. Hakufika juu, mkono haukupanda. Kwa hiyo akashuka. Kila siku kipandio kimoja, siku nyingine nusu, jasho linamtoka kama amebeba gunia. Pale picha inapokatika, ngazi haikuishia hapo. Iliendelea mpaka kwenye mto wake. Kitanda ndicho ulichosema kisiingie kwenye picha.

Hakutaka nikuandikie. Nadhani alitaka uone mwenyewe. Alikuamini macho.

Barua yako ya Juni ilifika asubuhi. Nilimkalisha, nikamwekea mito mgongoni, nikaifungua mbele yake kama zote. Ulijua, Mkaa. Umekulia ndani ya desturi hiyo, umesomewa barua za shangazi mpaka ukasinzia. Ya Machi ulimwamkia. Ya Juni ulisahau kwamba ana masikio.

Nilipofika kwenye "mistari mibovu" nilinyamaza. Akagonga. Nikasoma "inatetemeka." Nikanyamaza tena, akagonga tena. Na hapa nikwambie ukweli wote, maana sitaurudia: ningeweza kutunga. Ningeweza kumsomea salamu na habari za kikombe kinachotembea mezani. Sikutunga. Nilikuwa nimechoka kusimama katikati yenu, mmoja hasemi na mwingine haji, nikataka akusikie ulivyo. Nikasoma yote mpaka sahihi. Hilo ni langu, nitalibeba mimi.

Alinyoosha mkono. Nikadhani anataka kufutwa mdomo, nikampa kitambaa kibichi. Akageukia ukuta akaanza kufuta. Unakumbuka Baba alivyokuwa mteja akikataa kazi? Habishani. Mteja akisema herufi mbaya, ni mbaya, anachukua kitambaa palepale mbele yake. Alifuta hivyohivyo, kwa utaratibu, kuanzia kwenye mto wa kitanda kwenda juu. Nilimshika mkono, akautoa. Alipofika mfukoni mwa koti mkono haukuweza kusimama, ukapita na mfuko, ukapita na pindo la koti. Kumradhi, hiyo ilikuwa mistari yako. Hakukusudia.

Kisha akanirudishia kitambaa, akageuka akatazama ukuta wa pili, ule usio na kitu. Mkaa hakuushika tena. Uji alikunywa, si kwamba aligoma, alikunywa kila nilipompa. Lakini nilipomletea kipande cha mkaa nikakiweka kiganjani, alikiachia kikaanguka. Sitakwambia alikufa kwa barua. Daktari anasema ni kiharusi cha pili. Mimi ni mshona nguo, sijui mambo ya damu.

Barua yako ya Julai, ile ya "mwambie aendelee," ilikuta tumeshazika. Niliifungua mbele ya kitanda kitupu, nikaisoma kwa sauti yote, na ile Shikamoo Baba. Nilipofika kwenye "ni mistari bora kuliko yangu" nilishindwa, nikanyamaza muda mrefu nikisubiri. Hakuna aliyegonga. Nikalia kama punguani.

Shuka yake ya mwisho ilikuwa na alama ya kiganja cha kushoto, vidole vyote vitano, vyeusi. Kesho yake niliifua pamoja na nyingine bila kuwaza, kwa mazoea. Ilitoka yote. Hilo nalo ni langu.

Sina swali ila moja. Chini ya picha ya tatu, kwenye kile kikaratasi cha ukumbini, kumeandikwa jina la nani?

Dada yako


20 Agosti

Dada,

Nimelia mpaka aliyepanga chumba cha jirani akaja kugonga mlango. Nilipomsikia anagonga, ndipo nilipovunjika kabisa.

Kazi niliacha kwa ajili ya maonyesho. Nilidhani nitamletea Baba kitu cha kumwonyesha kwanza, ndipo nije. Sikutaka kurudi mikono mitupu aniambie, nilikwambia.

Nakuja. Maonyesho yanafungwa mwisho wa Septemba, na mwenye ukumbi anataka niwepo mpaka siku ya mwisho, kuna watu wakubwa wanakuja kwa ajili ya picha ya tatu. Baada ya hapo nakuja moja kwa moja. Nakuomba kwa jina la Mama, usiguse ukuta. Hata ile alama ya kitambaa alipofuta, iache kama ilivyo. Nataka kuiona. Huo ndio mchoro sasa.

La jina tutaongea uso kwa uso.

Mdogo wako


6 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma kimya, nimesimama mlangoni, na nimeruka nilikotaka. Desturi ile imeisha.

La jina nimeelewa, usijisumbue.

La ukuta, umechelewa. Wageni wa msiba walipoondoka nilitaka chumba cha kuwekea mapazia, nikampaka Baba chokaa, yaani ukuta, unaona hata kalamu imekosea. Nimepaka mwenyewe kwa brashi yake. Mkono wa kwanza wa chokaa haukutosha, weusi ulijitokeza kwa chini, kama mtu anayechungulia. Nikapaka wa pili. Pale karibu na mto, alipokuwa akikandamiza sana, nilipaka mara tatu.

Ulitaka kitu kipite bila mtu kukifuta. Katika nyumba hii, mdogo wangu, kila kinachopita kuna mtu amekifuta, na kwa kawaida ni mimi.

Ukija, njoo na nguo za baridi, mvua zimeanza. Utalala chumba chako. Kitanda kipo palepale, shuka ni safi.

Dada yako